Chaguo la Kwanza Lilipokataliwa: Mimi na Mama Kevina



Siku matokeo ya Kidato cha Sita yalipotoka nilikuwa shamba kwa bibi, Irente, tunapalilia kabichi. Ilikuwa Julai, na waliowahi kufika Lushoto mwezi wa saba wanaijua baridi yake. Mtandao ulikuwa unasumbua, nikaacha jembe nikapanda njia ya kwenda kule kwenye mwamba, wanakosimama watalii kuangalia Mazinde na mashamba ya katani chini. Pale mtandao ulishika. Fizikia E, Kemia E, Baiolojia D.

Kwa wasiozijua hesabu hizi: hiyo ni Divisheni Three ya pointi 14. Kwa hesabu ya vyuo vikuu, ambapo A ni 5 na inashuka mpaka E ambayo ni 1, nilikuwa na pointi 4. Udaktari unataka zisizopungua 6 kwenye masomo hayo matatu. Tangu darasa la nne nilikuwa nimeshawaambia watu wote, mpaka paroko, kwamba mimi nitakuwa daktari. Nilikaa pale juu mpaka ukungu ukafunika kila kitu. Nikaona afadhali, angalau hakuna anayeniona.

Wiki tatu sikwenda jumuiya. VIWAWA wenzangu walipokuja kunitafuta nilimwambia bibi aseme nimelala. Waliofanikiwa kunipata walinipa pole, halafu kila mmoja akanikumbusha habari za Mtakatifu Yohane Maria Vianney, kwamba naye alishindwa mitihani ya seminari na bado akawa mtakatifu. Ni kweli kabisa. Ila mimi moyoni nilijibu kwamba Vianney mwishowe alipewa upadre, mimi nani atanipa udaktari?

Aliyenitoa ni shangazi. Yeye ni mkunga mstaafu, anakaa Same. Alipiga simu kwa bibi, akaagiza nipande basi niende kwake, asisikie habari ya nimelala. Basi nikashuka, Lushoto, Soni, Mombo, halafu barabara kuu mpaka Same. Sikuhubiriwa. Siku ya pili shangazi alinichukua kutembelea kituo cha watoto wenye ulemavu kinachoitwa Mama Kevina. Wakati wa kurudi nikamuuliza, huyo Mama Kevina ni nani? Alinisimulia njia nzima, na usiku tukaendelea. Baadaye nilisoma mwenyewe. Leo nataka niwasimulie na ninyi.

Jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney. Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 kijijini karibu na Arklow, wilaya ya Wicklow, Ireland. Baba yake, mkulima, alikufa kwa ajali miezi mitatu kabla yeye hajazaliwa. Mama yake aliolewa tena, naye akafariki Teresa akiwa na miaka 10. Akalelewa na bibi mzaa mama. Hapo tu nilishtuka, maana na mimi nimelelewa na bibi.

Teresa alitaka kuwa mwalimu. Akili alikuwa nayo, ila ada ya chuo cha ualimu haikuwepo. Kwa hiyo akiwa na miaka 17 alianza kazi kwa cheo cha chini, mwalimu msaidizi asiye na cheti kamili. Baadaye alivuka bahari kwenda kufundisha Uingereza. Miaka hiyohiyo bibi yake naye akafariki. Yaani binti hana baba, hana mama, hana bibi, na cheti alichokitaka hakukipata.

Mwaka 1895 aliingia utawa kwa Masista Wafransisko wa Mill Hill, London. Aliweka nadhiri mwaka 1898, akapewa jina la Sista Maria Kevin. Na hapa ndipo panaponigusa zaidi. Alikuwa na chaguo lake la kwanza, kama sisi tunavyojaza fomu za vyuo. Aliomba atumwe Marekani kuwahudumia watu weusi. Akasubiri mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakupelekwa. Kilichokuja ni ombi kutoka Uganda, kwa Askofu Henry Hanlon, aliyekuwa anahitaji masista. Nafasi hiyo hakuwa ameiomba. Aliitikia.

Tarehe 3 Desemba 1902 masista sita waliondoka London, na tarehe 15 Januari 1903 wakafika kilima cha Nsambya, Kampala. Tukumbuke kwamba Teresa alikuwa mwalimu msaidizi. Hakuwa daktari wala hakuwahi kuingia chuo cha udaktari. Lakini wagonjwa walikuja. Ndui, malaria, malale, vidonda vya miguu, watoto waliokonda. Masista walianza kuwatibu chini ya mwembe, kwa dawa kidogo walizokuwa nazo. Zahanati ile ya mwembeni ndiyo baadaye ikawa Hospitali ya Nsambya.

Mwaka 1910 yeye ndiye aliyekabidhiwa uongozi wa masista pale. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mnajua vita ile ilipita hadi huku kwetu, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, Waingereza wakaichukua mwaka 1916. Waliobeba mizigo ya majeshi yale walikuwa Waafrika, wapagazi kwa maelfu, na walikufa sana kwa njaa na maradhi. Nsambya iliwapokea wapagazi waliojeruhiwa na wagonjwa, na Mama Kevin akawauguza. Mwishoni mwa mwaka 1918 serikali ya Uingereza ikampa nishani ya MBE.

Lakini jambo lililomuumiza kuliko yote ni akina mama kufa wakijifungua. Na hapo kulikuwa na mlango uliofungwa, tena na Kanisa lenyewe: sheria za wakati ule hazikuwaruhusu masista kufanya kazi ya ukunga. Shangazi aliponifikisha hapa alinyamaza kidogo. Yeye mwenyewe amezalisha wanawake zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo anajua maana ya kusimama karibu na mama anayekufa na mikono yako imefungwa.

Mama Kevin hakuvunja utii, na hakukaa akilalamika. Alitafuta njia iliyokuwa wazi. Akashirikiana na daktari mlei, Evelyn Connolly, na baada ya vita wakaanzisha Nsambya shule ya wauguzi na wakunga, ili mabinti wa Uganda wafundishwe kazi hiyo kwa ukamilifu. Mwaka 1936 ndipo Roma iliporuhusu masista kusomea na kufanya kazi za uzazi na udaktari. Tangu alipofika Nsambya ilikuwa imepita miaka 33. Huo muda wote kazi haikusimama kumsubiri.

Mwaka 1923 alianza shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, akiwa na wasichana wanane. Leo wapo Uganda, Kenya na hapa Tanzania. Miaka ya 1930 alifungua makazi ya wagonjwa wa ukoma Nyenga na Buluba. Mwaka 1952 akawa mkuu wa kwanza wa shirika jipya la Masista Wafransisko Wamisionari kwa Afrika. Alipostaafu, akiwa na miaka 80, wakamtuma Boston kukusanya fedha za misheni. Naam, Marekani ile aliyoiomba akiwa binti akaipata uzeeni, lakini kwa ajili ya Afrika. Alifariki huko tarehe 17 Oktoba 1957. Mwili wake ukarudishwa Uganda, ukazikwa Nkokonjeru, maana watu wake walimtaka nyumbani. Mwaka 2016 mchakato wa kumtangaza mtakatifu ulifunguliwa, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Nikamwambia shangazi, kwa hiyo maksi si kitu, moyo ndio muhimu. Akanikatalia palepale. Akaniuliza, kama moyo unatosha, kwa nini Mama Kevin alijenga shule yenye masomo na mitihani? Si angewaambia wale mabinti wawe na huruma tu, waende wakazalishe? Alijua huruma isiyo na ujuzi inaweza kumuua mgonjwa. Kumbe kosa langu lilikuwa mara mbili. Kwanza nilidhani matokeo yale ni Mungu ameniambia hapana. Pili, nilipotaka kujifariji, nikataka kudharau masomo yenyewe. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeielewa Kemia. Nilikuwa nakariri tu maswali ya miaka iliyopita. Hilo nililisema kwa sauti kwa mara ya kwanza jikoni kwa shangazi, na kwa kweli lilinipunguzia mzigo.

Basi tukakaa na daftari tukaandika njia zilizopo. Nawawekea hapa, maana najua wako wanaosoma haya wakiwa wamejifungia chumbani kama mimi.

Ya kwanza, kurudia mtihani kama mtahiniwa binafsi. Inamfaa aliyekosa kidogo na anayejua hasa alipokosea. Kama hujui ulikosea wapi, utarudia mtihani na makosa yako yaleyale.

Ya pili, kusoma stashahada ya utabibu, miaka mitatu. Hii inaangalia zaidi cheti cha Kidato cha Nne: ufaulu wa masomo manne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ukimaliza unaweza kufanya kazi kama tabibu, na mlango wa shahada ya udaktari haujafungwa. Ukiwa na wastani wa GPA usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu unaotakiwa wa Kidato cha Nne, unaruhusiwa kuomba. Kuruhusiwa kuomba si kupata, ushindani ni mkubwa, kwa hiyo hiyo 3.0 usiifanye lengo, ifanye sakafu.

Ya tatu, fani nyingine za afya: uuguzi, maabara, famasi. Usiingie huko kwa kununa. Mgonjwa anamjua muuguzi aliyenuna.

Masharti hubadilika, hivyo soma mwongozo wa TCU na wa NACTVET wa mwaka wako mwenyewe, siyo screenshot ya rafiki. Na mtu akikuambia anaye mtu ndani atakupatia nafasi kwa laki kadhaa, kimbia. Udaktari unaoanza kwa rushwa utaishia wapi?

Mimi nilichagua ya pili. Sasa niko mwaka wa pili wa utabibu. Sitawadanganya kwamba yote ni mteremko. Wapo niliosoma nao PCB ambao wako chuo kikuu, na nikirudi Irente likizo kuna watu wanaoniuliza kwa nini nimerudi nyuma kusoma na waliotoka Kidato cha Nne. Mwanzoni nilijibu kwa hasira, siku hizi nacheka. Kemia nimeanza upya kabisa, kila Jumamosi asubuhi, na rafiki mmoja wa darasani ananifundisha bila malipo. Muhula uliopita nilipata 3.4. Bado sijui kama nitaitwa daktari. Ila mwezi uliopita, kwenye mafunzo ya wodini, niligundua mtoto anapumua kwa shida kabla hajazidiwa, nikamwita mkubwa wangu mbio. Mtoto alirudi nyumbani. Nilikwenda kanisani jioni ile nikakaa tu mbele ya Ekaristi, sikuwa na maneno.

Jambo moja la mwisho. Pale Nsambya, ulipokuwa ule mwembe, leo kuna shule ya madaktari bingwa, ya Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda. Daktari aliyekwisha hitimu anakwenda pale kusomea ubingwa. Na shule hiyo inaitwa kwa jina la Mama Kevin, yule mwalimu msaidizi aliyekosa ada ya chuo. Kila nikiona kemia imekuwa ngumu nalikumbuka hilo, halafu nafungua tena daftari.

Kama matokeo yako yamekuangusha, nakuomba mambo mawili wiki hii. Rudi jumuiya, hata kama utakaa nyuma. Halafu mtafute mtu mmoja umwambie ukweli ni wapi ulipokwama. Kisha tusali pamoja:

Ee Mungu Baba, uliyemfanya mtumishi wako Mama Kevina kuwa mama wa wagonjwa kwa njia ambayo hakuichagua, utupe unyenyekevu wa kukubali tulipokosea, bidii ya kujifunza tusichokijua, na macho ya kuuona mlango ulio wazi leo. Wabariki wanafunzi wote wanaosubiri matokeo, na wagonjwa wanaotusubiri sisi. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.