Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (Enniskillen, Ireland, 28 Februari 1911 – Gloucester, Uingereza, 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji anayekumbukwa kwa kutambua saratani ya watoto inayoitwa limfoma ya Burkitt.

Maisha

Alipoteza jicho moja akiwa na umri wa miaka 11. Alisomea udaktari mjini Dublin. Kuanzia mwaka 1946 alifanya kazi Uganda, kwanza Lira, halafu Hospitali ya Mulago, Kampala.

Utafiti

Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye aligundua kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumboni kwa watoto vilikuwa ugonjwa mmoja. Uvimbe huo hukua haraka. Ukishika utumbo unaweza kuuziba au kusababisha damu kuvuja ndani.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kwa wiki 10, wakitoka Uganda kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini na kuuliza habari hospitalini. Ugonjwa ulionekana sana penye joto na mvua, lakini ulikuwa nadra katika nyanda za juu zenye baridi kama ya Mbeya na Iringa. Leo inajulikana kwamba malaria huchangia ugonjwa huo, pamoja na virusi vya Epstein-Barr vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika sampuli alizopeleka London.

Kwa kuwa Uganda haikuwa na tiba ya mionzi, Burkitt alitumia dawa, na baadhi ya watoto walipona kabisa.