Shaaban Robert, Karani Aliyeificha Nchi Angani

Ukitaja neno istilahi darasani, wengi wetu hushikwa na usingizi. Majazi, jazanda, kinaya, taharuki! Watu huyakariri maneno haya kama majina ya madini, wakayamwaga kwenye karatasi ya mtihani, na kesho yake yameshasahaulika. Ati ni mapambo ya washairi. Mimi nasema njia rahisi ya kuyaelewa ni kumfuata mtu mmoja aliyeyahitaji sawasawa na mkulima wa hapa Timau anavyohitaji jembe msimu wa viazi. Mtu huyo ni Shaaban Robert.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Pwani ile ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, na kufikia hapo Tanganyika ilikuwa imeshaingia chini ya Waingereza. Mwaka huo huo wa 1926 akaajiriwa kuwa karani wa forodha. Basi hakutoka tena ofisini mpaka 1960: forodha miaka kumi na minane, kisha idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwisho ofisi ya upimaji wa ardhi. Kalamu iliyomlisha ilikuwa kalamu ya serikali ya kikoloni.

Na hapo ndipo penye kisa. Karani wa serikali hawezi kusimama sokoni akatangaza kwamba watawala ni madhalimu. Mshahara unatoka kwao, na nyumbani kuna watoto. Afanye nini mtu mwenye neno kifuani?

Mwaka 1951 kikatoka kitabu chake kiitwacho Kusadikika. Sasa hebu tulieni hapa, maana kitabu hiki kimoja kinatosha kutufundisha robo tatu ya zile istilahi.

Tuanze na mandhari, yaani mahali na wakati wa matukio. Shaaban Robert hakuweka kisa chake Tanga wala Pangani. Aliiweka nchi ya Kusadikika angani, ikaning'inia huko bila kushikwa na kitu. Yeyote aliyewahi kusimama paredi hapa kwetu asubuhi, mawingu yameshuka na kilele cha Mlima Kenya kikaonekana kama kinaelea peke yake, ana picha yake tayari. Nchi ya namna hiyo haina mkuu wa wilaya wa kuja kulalamika kwamba ametukanwa. Lakini wahakiki wengi wamesoma Kusadikika wakaona ni Tanganyika ya wakoloni ileile. Kueleza jambo moja kwa kuchora jingine linalofanana nalo ndiyo jazanda. Kwa huyu karani, jazanda ilikuwa kama blanketi: ndani yake kuna mtu, lakini nani atathubutu kumfunua?

Ndani ya nchi hiyo kuna kijana anaitwa Karama, na waziri anaitwa Majivuno. Si mmeona? Hata kabla hujafungua ukurasa wa pili unajua nani atakuwa na kiburi. Jina linapobeba tabia ya mwenyewe, hayo ni majazi. Majivuno anamshtaki Karama mbele ya mfalme. Mvutano huo ndio mgogoro, na bila mgogoro hakuna riwaya, kuna ripoti tu. Kosa la Karama ni lipi? Kufundisha elimu ya uanasheria! Mtu anapelekwa mahakamani kwa kuwafundisha wenzake sheria. Jambo likienda kinyume na lilivyotarajiwa namna hiyo, tunasema kuna kinaya. Mimi niliposoma hapo nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Karama hajitetei kwa kulia. Anapewa siku sita, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa zamani nje ya nchi: Mashariki, Kaskazini, Magharibi, Kusini, Mbinguni na Ardhini. Kila mjumbe aliteseka safarini, akarudi na mashauri mema ya kuijenga nchi, na shukrani aliyopewa ni kifungo. Kumrudisha msomaji nyuma hivi, kwenye mambo yaliyopita kabla ya kisa chenyewe kuanza, huitwa mbinu rejeshi. Wengine husema kisengerenyuma. Na mpango mzima, nini kitangulie na nini kifuate mpaka Karama ashinde na wafungwa waachiliwe, ndio msuko au ploti.

Taharuki nitaielezea kwa kitabu kingine, Adili na Nduguze, cha 1952. Adili ni mtawala mwema sana, lakini kila usiku huwachapa manyani wawili viboko, kisha analia, kisha anawalisha chakula kizuri. Kwa nini? Hiyo hamu ya kujua, inayokufanya usome kwa tochi baada ya taa za bweni kuzimwa, ndiyo taharuki yenyewe. Siwaambii siri. Kitabu si kinene.

Lakini nisimsifu tu kama mgombea kiti. Wahusika wake wengi ni bapa, maana yake hawabadiliki: mwema ni mwema tangu mwanzo hadi mwisho, na ndugu wanaoitwa Hasidi na Mwivu usitarajie wakuletee zawadi. Mhusika wa mviringo, mwenye mema na mabaya kama mimi na wewe, ni adimu kwake. Nadhani alipenda kufundisha kuliko kushangaza.

Pia aliandika habari za watu wa kweli. Maisha Yangu, iliyochapishwa 1949, ni tawasifu, kwa kuwa anajieleza mwenyewe. Kitabu chake cha 1958 kuhusu Siti binti Saad, yule mwimbaji mashuhuri wa Zanzibar aliyefariki 1950, ni wasifu, kwa kuwa anamweleza mwingine. Ni herufi mbili tu za mwanzo, na kila mwaka kuna watu huzichanganya. Siti alitoka katika umaskini, na ni mwanamke aliyedharauliwa kabla ya kusifiwa. Naona karani wetu alijua kwa nini alimchagua yeye na si sultani.

Mwaka 1960 akaacha kazi ya serikali. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru, na sasa angeweza kuishusha nchi yake kutoka angani akaitaja kwa jina. Alipata miezi sita hivi. Alifariki Juni 1962, umri wake miaka 53. Kufikirika, riwaya nyingine ya nchi isiyokuwepo kwenye ramani, ilichapishwa 1967. Utubora Mkulima, kisa cha mtu anayeacha kazi yenye mshahara mzuri mjini akaenda kulima shamba, kilitoka 1968. Mwenyewe hakuona jalada la hata kimoja.