Michael Grzimek na Ndege ya Mistari: Njia Moja ya Kufundisha Mwendo, Nishati na Msuguano

Mwalimu anayeanza mada ya mwendo kwa kuandika ubaoni maana ya kani, nishati na msuguano, aghalabu hupata darasa linalonakili vizuri na kuelewa kidogo. Kwa shule zilizo upande wa Arash na nyanda zinazoelekea Serengeti, yapo maisha ya mtu mmoja yanayoweza kuibeba mada yote hiyo, tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho. Mtu huyo ni Michael Grzimek, rubani kijana wa Kijerumani, aliyekufa katika nyanda hizo akiwa na umri wa miaka 24.

Alizaliwa Berlin tarehe 12 Aprili, 1934. Baba yake, Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa mifugo, na mwaka 1945 alishika uongozi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Kwa hiyo Michael alikua miongoni mwa wanyama, na mapema akaipenda kamera. Mwaka 1956 baba na mwana walitoa filamu juu ya wanyama wa Kongo, ikawaletea sifa na fedha. Walitaka fedha hizo zinunue ardhi ya kuongeza hifadhi ya Serengeti. Wakuu wa hifadhi za Tanganyika waliona kuna haja nyingine iliyotangulia: hakuna aliyejua wanyama ni wangapi, wala njia wanazopita wakihama. Mtu hawezi kuchora mpaka wa zizi kabla hajajua ng'ombe wanalisha wapi. Basi wote wawili wakajifunza urubani, wakanunua ndege ndogo, na mapema mwaka 1958 wakawa Serengeti.

Ndege yenyewe ilikuwa aina ya Dornier Do 27, yenye injini moja, na mabawa yake yalikaa juu ya chumba cha rubani ili walio ndani waone chini bila kizuizi. Waliipaka mistari kama punda milia. Hapa mwalimu asimame. Mchoro mmoja wa ndege hii ubaoni unatosha kuonyesha kani nne: uzito unaovuta chini, hewa inayoinua mabawa, rafadha inayovuta mbele, na ukinzani wa hewa unaorudisha nyuma. Ndege ikienda sawasawa bila kupanda wala kushuka, bila kuongeza wala kupunguza mwendo, kani hizo zimelingana. Watoto wengi, na walimu pia, hudhani kwamba kitu kinachokwenda lazima kisukumwe kwa kani inayozidi upinzani wakati wote. Sivyo. Kani inayozidi huhitajika kubadili mwendo. Mwendo usiobadilika hautaki zaidi ya kulinganisha.

Sifa kubwa ya ndege ile ilikuwa kwamba iliweza kuruka polepole sana bila kuanguka, ikatua mahali pafupi pasipo na uwanja. Kutua huko kwenye majani ndiko kunakofungua somo la msuguano. Ndege iliyogusa ardhi ina nishati mwendo, na nishati hiyo haipotei; breki na majani huigeuza kuwa joto. Majani yakiwa makavu, magurudumu hushika. Mvua ikinyesha, udongo huteleza na ndege husafiri mbali zaidi kabla ya kusimama. Wakati wa kuondoka mambo hugeuka, kwa kuwa majani marefu huchelewesha ndege kupata mwendo wa kuinuka. Tena, nyanda za juu hewa yake ni nyepesi. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro una kimo cha mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, na ndege iliyo huko hutaka mbio ndefu zaidi ardhini kuliko ikiwa Dar es Salaam au Tanga.

Mwalimu asiye na mizani ya springi asikate tamaa. Akate utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, aufunge kwenye tofali, na watoto walivute polepole juu ya saruji, juu ya mchanga, juu ya majani makavu na yaliyomwagiwa maji, kisha juu ya kalamu za risasi zilizolazwa sambamba. Kila mara wapime kwa rula urefu wa utepe uliovutika. Wataona kwa macho yao kwa nini ndege ina magurudumu. Jaribio hili lina thamani kuliko ukurasa mzima wa maelezo. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mwalimu kulivuta tofali mwenyewe huku darasa likitazama.

Kazi ya kuhesabu ilifanywa kwa kuruka chini, polepole, eneo baada ya eneo. Jumla waliyoitoa ilikuwa wanyama wakubwa 366,980. Hesabu zilizofanywa miaka ya 1960 zilionyesha nyumbu wengi zaidi ya waliohesabiwa mwaka 1958. Sehemu ya tofauti hiyo ni ongezeko la kweli baada ya ugonjwa wa sotoka kudhibitiwa, lakini pia jicho la mtu aliye ndani ya chombo kinachokwenda hukosa vingi. Darasa laweza kulijaribu hilo: mtoto mmoja ahesabu mbuzi wa boma akiwa amesimama, mwingine akiwa anakimbia.

Tarehe 10 Januari, 1959, Michael alikuwa peke yake ndani ya ndege. Tumbusi mkubwa aligonga bawa la kulia. Pigo lile lilikunja bati na kuzibana nyaya za kuongozea. Ndege ikapinda kulia, ikachomoka kuelekea chini, naye akafa papo hapo.

Mtoto wa Arash atauliza, na ana haki ya kuuliza: ndege wa nyama na manyoya atavunjaje chombo cha chuma? Tumchukue tumbusi wa kilo 8, na chombo kinachokwenda mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa. Nusu ya 8 mara 50 mara 50 ni juli 10,000. Nishati hiyo yatosha kuinua ndoo ya maji ya kilo 20 hadi kimo cha mita 50. Mwendo ukipunguzwa nusu, nishati hushuka hadi juli 2,500, robo tu ya ile ya kwanza. Kwa darasa la chini, hesabu iachwe na ibaki ndoo. Watoto hawa wanamjua tumbusi: hapai alfajiri, bali hungoja jua lipashe ardhi na hewa ya moto ipande, kisha huzunguka bila kupiga mabawa. Saa hizo ndizo anga huwa na tumbusi wengi. Mwaka 1973 mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo kinachozidi mita 11,000. Ndege hiyo ilitua salama.

Lipo jambo lingine ambalo mwalimu hatakwepa. Mwaka huohuo wa 1959 mpaka wa Serengeti ulibadilishwa, Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo lake, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti walihamishiwa Ngorongoro na Loliondo. Utafiti wa akina Grzimek ulikuwa umeonyesha kwamba makundi yanayohama huvuka mipaka iliyopendekezwa. Lakini baba na mwana waliamini pia kwamba hifadhi haifai kukaliwa na watu wala mifugo yao, na imani hiyo haikutokana na hesabu yoyote ya wanyama. Mwanafunzi aliyesikia habari za kuhama kutoka kwa babu yake asinyamazishwe eti hili ni somo la sayansi. Asikilizwe, kisha darasa lirudi kwenye tofali.

Filamu yao ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, Michael akiwa ameshazikwa kwenye ukingo wa kreta. Juu ya kaburi pamejengwa piramidi ya mawe. Baba yake alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakaletwa kutoka Ujerumani yakazikwa hapohapo.