Thomas Midgley: Mhandisi aliyenyamazisha injini kwa sumu

KATIKA gereji za jua kali za Kariobangi, Umoja na Kayole, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hakuna fundi asiyeujua mlio huu: gari linapokanyagwa mafuta, hasa likiwa na mzigo au likipanda mlima, injini hugonga kana kwamba kokoto zimemwagwa ndani ya silinda. Aliyejizolea sifa duniani kwa kuunyamazisha mlio huo ni Thomas Midgley wa Marekani. Dawa aliyoivumbua, hata hivyo, ilidhuru watu kwa vizazi kadhaa.

Midgley alizaliwa Mei 18, 1889 mjini Beaver Falls, Pennsylvania, akalelewa Columbus, Ohio. Alihitimu uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell mnamo 1911. Kemia, taaluma iliyompa jina, alijifunza akiwa kazini.

Mnamo 1916 aliajiriwa mjini Dayton, Ohio, na Charles Kettering, mvumbuzi wa stata ya umeme. Wakati huo lawama za injini kugonga zilielekezwa kwa mfumo wa Kettering wa kuwasha injini kwa betri. Midgley alichunguza ndani ya silinda na kubaini kwamba betri haikuwa na hatia. Plagi ikishawasha mchanganyiko wa hewa na petroli, moto husambaa kwa utaratibu. Lakini ikiwa petroli ni hafifu, sehemu ambayo haijafikiwa na moto hubanwa, hupata joto kali na kulipuka yenyewe kwa mpigo mmoja. Mlipuko huo ndio unaotikisa chuma na kutoa mlio.

Utambuzi ulikuwa sahihi. Kilichosalia ni tiba. Midgley na Kettering walidhani petroli ikitiwa rangi nyekundu ingefyonza joto na kuungua vyema zaidi. Kwa kukosa rangi inayoyeyuka katika mafuta, Midgley alitumia iodini, na injini ikatulia. Alipojaribu rangi halisi baadaye, mlio ulirejea. Dhana ilikuwa potofu, lakini ilimfunulia kwamba kemikali kidogo yaweza kuzuia mlipuko.

Ilifuata miaka ya majaribio, yakiwemo ya tellurium, iliyowaachia wachunguzi harufu mbaya isiyotoka mwilini. Hatimaye, Desemba 9, 1921, mchanganyiko wa madini ya risasi uliitwao tetraethyl lead ulikomesha mlio kabisa. Ethanoli nayo ingetuliza injini, lakini ilihitajika kwa wingi zaidi na yeyote aliweza kuitengeneza. Petroli mpya ilianza kuuzwa Dayton Februari 1923 kwa jina la Ethyl, jina lisilotaja risasi.

Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo geni. Mapema 1923 Midgley mwenyewe alilazimika kupumzika kazi baada ya kuathiriwa nayo. Oktoba 1924, wafanyakazi watano walifariki katika kiwanda cha Standard Oil jimboni New Jersey na wengine wengi wakalazwa. Mwezi huo huo, Midgley aliwaita wanahabari, akajimwagia kemikali hiyo mikononi na kuvuta mvuke wake ili kuonyesha kwamba haina madhara. Mauzo yalisitishwa 1925, yakarejea mwaka uliofuata.

Baadaye aliongoza uvumbuzi wa Freon, gesi ya friji ambayo jamii yake ilikuja kubainika kuharibu tabaka la ozoni. Alitunukiwa nishani kubwa za kemia na, mwaka wa 1944, akawa rais wa Chama cha Kemia cha Marekani. Alikuwa ameugua polio mnamo 1940 na kupooza, akabuni kamba na kapi za kumwinua kitandani. Novemba 2, 1944 alikutwa amenyongwa na kamba hizo. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Moshi wa petroli yake uliendelea kuvutwa na waliokaa kando ya barabara, Barabara ya Jogoo ikiwemo. Risasi hudumaza akili za watoto hata ikiwa kidogo mwilini. Kenya na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia mapema 2006. Agosti 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho duniani kuitumia katika magari, imeachana nayo.

Maelezo ya Midgley kuhusu chanzo cha mlio, hata hivyo, yangali na manufaa gerejini. Fundi mwangalifu huanza kwa kuuliza gari lilinunuliwa mafuta wapi, kwani petroli iliyochanganywa na mafuta taa hulipuka upesi. Mlio ukitoweka baada ya kutia petroli safi, jibu limepatikana. Ukiendelea, huchunguza taimingi, plagi zisizofaa injini hiyo, masizi juu ya pistoni, rejeta inayoshindwa kupoza, hewa inayovuja na kupunguza uwiano wa petroli, na sensa inayopaswa kurekebisha taimingi injini inapogonga. Iwapo mlio ni mzito na haubadiliki hata kwa mafuta mazuri, huenda beringi za krankshafti zimelika. Gari lizimwe na injini ifunguliwe.

Mwenye gari anayepuuza mlio huo hujitafutia pistoni iliyotoboka na gharama ya injini nzima. Anayemwaga dawa tangini bila kutafuta chanzo hurudia kosa la Midgley: kuridhika kwamba injini imenyamaza.