Habari za Mtwa Mkwawa wa Kalenga

Katika kitabu hiki cha jubilei zimeandikwa habari za watu wengi waliojenga, waliofundisha na waliozikwa katika nchi yetu ya nyanda za juu, tangu Iringa hata Mbeya. Sisi tumepewa kuandika habari za mtu ambaye hakuwa wa misheni wala hakubatizwa, walakini hakuna nyumba katika Uhehe isiyolijua jina lake. Naye ni Mtwa Mkwawa. Twaandika habari zake si kwa ajili ya vita peke yake, maana hizo watoto wamezisikia shuleni, bali kwa sababu maisha yake yatuuliza swali gumu: mtu mwenye kusudi kubwa la miaka mingi, aishije siku ya leo? Na wale waliofungamana naye, waishije?

Mkwawa alizaliwa yapata mwaka 1855 huko Luhota, karibu na Iringa. Baba yake ni Munyigumba wa ukoo wa Muyinga, aliyezikusanya jamaa nyingi zilizokuwa mbalimbali, akazifanya nchi moja. Mtoto aliitwa Mkwavinyika, maana yake mwenye kutwaa nchi. Vinywa vya watu vikalifupisha jina hilo likawa Mkwawa. Munyigumba alipofariki, karibu mwaka 1879, urithi ulileta ugomvi mkubwa. Mwambambe, mkwe wa marehemu, alijitwalia utawala, na kijana akakimbilia Ugogo. Baadaye akarudi, vita vikapiganwa, Mwambambe akauawa, na Mkwawa akakaa katika kiti cha baba yake. Basi tangu ujana aliona kwa macho yake ya kuwa nchi iliyojengwa kwa miaka mingi yaweza kupotea kwa muda mfupi. Sisi twadhani ya kuwa huko ndiko lilikozaliwa kusudi lake. Alitaka nchi ambayo mtu wa nje hataiingia pasipo ruhusa.

Kusudi hilo lilikuwa jema kwa Wahehe, lakini halikuwa jema kwa jirani zao wote. Ndugu zetu wa upande wa Mbeya wazijua habari hizi kwa namna yao. Hapo kwanza Wasangu ndio waliokuwa na nguvu katika nchi hizi. Wahehe wakawashinda, wakawatoa katika bonde la Usangu, na Merere, mtawala wao, akajenga mji Utengule, katika nchi ya Wasafwa, chini ya milima ya Mbeya. Huko Wasangu walikaa miaka mingi, wakilima na kuzaa na kuzika, na Wasafwa wakaubeba mzigo wa kutawaliwa na wageni waliokimbia vita visivyokuwa vyao. Na hata mwaka 1896 ukoo wa Merere uliporudi Usangu, ulirudi kwa nguvu za Wadachi, yaani Wajerumani, waliokuwa wakipigana na Mkwawa. Haifai tuyafiche mambo haya kwa sababu twamsifu mtu.

Baada ya kuituliza nchi, Mkwawa akaanza kazi ambayo watu hawakuwahi kuiona katika Uhehe. Aliamuru mji wake wa Kalenga, ulio kando ya mto Ruaha Mdogo, uzungushwe ukuta wa mawe. Ngome hiyo iliitwa Lipuli. Na jina la Iringa lenyewe latokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Ukuta ule ulipita kimo cha mtu, ukauzunguka mji mkubwa wenye watu na ng'ombe na ghala, na kazi yake ilichukua miaka. Tena tukumbuke ya kuwa hakuna jiwe lililojipandisha ukutani. Kila jiwe lilibebwa na mtu aliyeliacha shamba lake siku ile, na mkewe akabaki akipalilia peke yake. Hivyo tangu mwanzo kusudi la Mtwa lililipwa kwa siku za watu wadogo.

Mwaka 1891 Wadachi walipeleka kikosi kutoka pwani, kwa kuwa Wahehe walikuwa wakishambulia misafara na vijiji vilivyo njiani. Mkuu wa kikosi alikuwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Tarehe 17 Agosti, huko Lugalo, walikuwa wakipita katika mstari mrefu, wasiwe na habari ya adui, na mara Wahehe wakatoka vichakani kwa mikuki. Kwa muda mfupi Zelewski alikuwa amekufa, na pamoja naye Wazungu wengine na askari zaidi ya 200. Wahehe wakatwaa bunduki 300 hivi na mizinga. Lakini nao walipoteza watu wengi sana, na nyumba zilizofiwa zilikuwa kila upande. Sifa za Lugalo zikafika hata Ulaya. Leo mtu apitaye barabara kuu ya kwenda Iringa huliona pale kaburi la Wazungu waliokufa. Wale Wahehe waliokufa twawakumbuka kwa mioyo.

Watu wakadhani ya kuwa mwenye ushindi kama ule na ukuta kama ule hataondolewa kamwe. Miaka mitatu ikapita. Mwezi wa Oktoba 1894 Wadachi wakarudi wakiongozwa na Gavana von Schele mwenyewe, wakaipiga Kalenga kwa mizinga, na tarehe 30 wakaingia ndani. Kazi ya miaka mingi ilianguka mara moja. Mkwawa alitoka akaingia porini. Na hapa ndipo yaanzapo yale tunayotaka msomaji ayatazame.

Kwa karibu miaka minne, tangu kuanguka kwa Kalenga hata kifo chake, Mkwawa hakukamatwa. Hakuwa na ukuta, wala jeshi kama la Lugalo. Alikuwa na nini basi? Alikuwa na watu waliomletea chakula. Hiyo ndiyo siri yote. Alizungukazunguka katika misitu na milima ya Uzungwa na katika nchi kavu iliyo upande wa Pawaga, na watu wa vijiji vilivyo karibu walijua alipo, wasiseme. Mchana walilima mashamba yao kama watu wengine, wakachunga, wakapika, wakanywa ulanzi wakati wake. Kisha wakamtengea Mtwa fungu lake katika unga ule ule waliousaga kwa ajili ya watoto wao. Jeshi kubwa lenye mizinga lilishindwa na vibuyu na vikapu.

Basi tujifunze hapa. Ukuta wa Kalenga ulikuwa kusudi lililotazama mbele miaka mia, nao ulianguka. Chakula cha porini kilikuwa cha siku ile tu, kesho kilihitaji kupelekwa kingine, nacho kilimshikilia miaka. Mara nyingi sisi tunadhani ya kuwa jambo kubwa hulindwa kwa jambo kubwa. Habari hizi zatuonya kwamba jambo kubwa hulindwa kwa mambo madogo yasiyokoma.

Lakini lazima tuseme na upande wa pili, maana pasipo huo tungekuwa waongo. Mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince alirudi Uhehe, akajenga boma jipya mahali ulipo mji wa Iringa leo. Huyu alikuwa mtu mwenye akili. Aliona upesi ya kuwa adui wake si mtu mmoja aliyejificha, bali vyungu vyote vya Uhehe. Kwa hiyo alivipiga vita vyungu. Mashamba yaliharibiwa, akiba za nafaka zikachomwa au kutwaliwa, ng'ombe wakachukuliwa, wanawake wakakamatwa. Njaa ikaingia. Mama aliyetenga fungu la Mtwa sasa alilitenga katika chakula kisichowatosha watoto. Wengi wakajisalimisha, si kwa kuwa walimchukia Mkwawa, bali kwa kuwa mtoto hawezi kuambiwa asubiri chakula mpaka vita viishe. Nani atawalaumu? Na wengine hawakujisalimisha hata hivyo. Nani atawaelewa?

Tena kulikuwa na Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Wadachi walimfanya mtwa badala ya ndugu yake mwishoni mwa mwaka 1896. Hatuwezi kuusoma moyo wake, lakini wengi waliomfuata walitaka jambo moja tu: watu walale usiku katika nyumba zao, walime, wavune. Walitaka siku ya leo. Hata miezi mitatu haikutimia. Mwezi wa Februari 1897 Wadachi walimshitaki Mpangile ya kuwa anamsaidia Mkwawa kwa siri, wakamnyonga. Basi aliyelishika kusudi alikosa nyumba ya kulala, na aliyetafuta amani ya kila siku alinyimwa hata hiyo. Twaliandika jambo hili kwa sababu wako watu wasemao ya kuwa mtu akijishughulisha na mambo ya leo tu, asiangalie mbali, atakaa salama. Haikuwa hivyo kwa Mpangile.

Mwaka 1898 Wadachi walitangaza rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Fedha hiyo ilikuwa mali kubwa kupita kiasi kwa watu wenye njaa. Walakini miezi ikapita pasipo mtu kuja kuipokea. Watu waliobaki naye walizidi kupungua. Yeye mwenyewe aliugua. Yule aliyetawala nchi iliyoogopwa kutoka Usangu hata Ugogo, sasa hesabu yake yote ilikuwa maji ya leo, moto wa leo, na mahali pa kulala leo. Mwisho walibaki vijana wachache wa kumhudumia. Tarehe 19 Julai 1898, kikosi cha Sajini Merkl kilipokuwa kinamfuatia karibu, huko Mlambalasi, Mkwawa alimwua kijana aliyekuwa naye, kisha akajipiga risasi. Merkl alipofika aliwakuta wote wawili wamekwisha kufa. Kichwa cha Mtwa kikakatwa, kikapelekwa Iringa, na baadaye Ulaya.

Juu ya mwisho huo wasomaji wetu watatutazamia tuseme neno. Sisi twafundisha kwamba uhai ni wa Mungu, wala hatuwezi kukiita kifo kile kuwa chema. Na yule kijana, aliyekuwa mtumishi mwaminifu, hakuulizwa. Hata leo watu wa Iringa wakitaja Mlambalasi humtaja Mtwa, na kijana husahauliwa. Sisi twapenda akumbukwe. Kusudi la Mkwawa lilikuwa kwamba asishikwe akiwa hai, naye alilitimiza kabisa. Lakini alipolitimiza, halikuwamo tena ndani yake nafasi ya mtu mwingine hata mmoja. Hapo ndipo tuonapo hatari ya kusudi kubwa. Lianzapo huwa kwa ajili ya nyumba na mashamba na watoto. Likiachwa likue pasipo kutazamwa, huvila vile vile lililotaka kuvilinda.

Basi ni nani katika habari hizi aliyeijua njia? Sisi twasema, ni watu wasiotajwa majina. Ni wale waliolima mchana na kupeleka vikapu usiku. Hawakuacha jembe kwa ajili ya kusudi, wala hawakuacha kusudi kwa ajili ya jembe. Na vita vilipokwisha waliendelea vivyo hivyo. Mwaka 1919, katika mkataba wa Versailles uliomaliza vita vikuu vya kwanza, iliandikwa ya kuwa Wadachi watakirudisha kichwa cha Mkwawa katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikapita, na miaka ikapita. Wahehe hawakusahau, wala hawakuketi chini wakingoja. Walipanda mahindi na ulezi, wakaoza binti zao, wakajenga shule. Mwaka 1926 Sapi, mwana wa Mkwawa, akarudishwa katika utawala wa Uhehe. Na tarehe 19 Juni 1954 Gavana Edward Twining alikileta Kalenga kichwa kilichopatikana katika nyumba ya makumbusho ya Bremen, akakikabidhi kwa Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la nchi yetu. Tangu Mlambalasi hata siku ile ilikuwa imepita miaka 56, yaani mavuno 56. Watu walioingoja siku ile waliyavuna yote.

Ndugu msomaji, ukipata nafasi uende Kalenga. Utasalimiwa kamwene, utaonyeshwa kichwa katika nyumba yake, na utaona ya kuwa ukuta ule mkuu haupo tena isipokuwa mabaki machache. Kisha utazame mashamba yaliyo kando ya mto. Hayo yapo, na kila mwaka yalimwa. Katika jubilei hii sisi nasi tunahesabu miaka iliyopita na kuweka nia kwa miaka ijayo, nayo ni desturi njema. Lakini kesho asubuhi kuna mgonjwa wa kutazamwa, kuna mtoto wa kufundishwa kusoma, kuna jirani aliyekosa mbegu. Tukiwapita hao kwa sababu ya haraka ya kujenga mambo ya miaka mia, tutakuwa tumejenga ukuta tu. Tukiwatazama, na tena tusisahau tuendako, tutakuwa tumewafuata wale wa vikapu.