Maisha ya Bwana Charles Kettering, Fundi wa Stata

Wenzangu wengi katika gazeti hili huandika habari za wafalme, watakatifu na mashujaa wa vita. Mimi nimechagua fundi, na sababu yake ni Land Rover moja kuukuu.

Nyumbani kwetu ni Nakivale, katika makazi ya wakimbizi, na wakati wa likizo hupanda taksi kwenda Mbarara kumsaidia mzee mmoja fundi wa motokaa. Mwaka jana aliletewa Land Rover iliyotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1960, nami nikapewa kazi ya kuivua nyaya zake zote. Zilikuwa zimeoza. Ganda lilipukutika ukiligusa tu, panya walikuwa wametafuna upande wa taa za nyuma, na mahali fulani mtu wa zamani alikuwa ameunga waya mwekundu na waya mweusi, Mungu anajua kwa nini. Mzee alinikataza kukata hata waya mmoja kabla sijaufunga kipande cha karatasi chenye jina lake. Hivyo ndivyo nilivyojifunza rangi za magari ya Kiingereza: wa kahawia hutoka katika betri moja kwa moja, mweupe huenda kwenye koili, wa kijani hupitia kwenye fyuzi, mwekundu ni wa taa ndogo, wa buluu ni wa taa kubwa, wa manjano ni wa dainamo, na mweusi ni erthi, yaani hurudi kwenye bodi.

Nilimwuliza mzee ni nani aliyefikiri kuunga vitu hivi vyote viwe mtambo mmoja. Hakujua. Kisha fedha za kununulia nyaya mpya zikakosekana, kazi ikasimama, nami nikarudi shuleni na swali langu. Huko ndiko nilikolipata jina la Charles Franklin Kettering.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876 katika shamba karibu na mji wa Loudonville, jimbo la Ohio, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Tangu utoto macho yake yalikuwa mabovu, na akisoma sana kichwa kilimwuma. Alipomaliza shule alifundisha katika shule ndogo za vijijini ili apate fedha, ndipo akaingia chuo kikuu cha Ohio kusomea umeme. Macho yakamshinda, akaacha masomo. Je, alikwenda kukaa kitako? La. Alijiunga na kundi la watu waliokuwa wakichimba mashimo ya nguzo za simu na kutandika nyaya, na baada ya muda akawa msimamizi wao. Macho yalipopata nafuu alirudi chuoni, akamaliza mwaka 1904, umri wake karibu miaka 28. Habari hii ilinifurahisha, kwa sababu mimi nina miaka kumi na tisa na wako wanaonicheka kwamba nimechelewa.

Mwaka huo huo aliajiriwa na kampuni ya National Cash Register katika mji wa Dayton, iliyotengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani. Mashine hizo zilizungushwa kwa mkono. Kettering akatia ndani yake mota ndogo ya umeme. Mota ndogo ikifanya kazi mfululizo kwa nguvu nyingi hupata moto na kuungua. Lakini ya duka hufanya kazi kitambo kidogo tu, kisha hupumzika. Kwa hiyo yaweza kutumikishwa kupita kiasi chake bila kudhurika. Msomaji alishike jambo hili, maana ndiyo siri ya stata.

Usiku, baada ya kazi, yeye na wenzake walikutana katika ghala nyuma ya nyumba ya rafiki yake Edward Deeds. Walitengeneza mtambo wa kuwashia moto wa injini kwa betri na koili, na mwaka 1909 kampuni ya Cadillac ikakubali kuununua. Hapo Kettering akaacha kazi ya mshahara, naye na Deeds wakaanzisha kampuni yao, Delco.

Siku zile injini iliwashwa kwa hendeli. Katika karakana yetu ingali iko hendeli ya Land Rover ile, na mzee amenifundisha kuishika na kidole gumba upande mmoja na vingine, kwa kuwa injini ikirudi nyuma ghafula hukivunja, au huvunja mkono wenyewe. Watu wengi waliumia hivyo. Bwana Henry Leland, mkuu wa Cadillac, alitaka hendeli iondoke, akamwita Kettering. Wengine walikwisha kujaribu stata za umeme, lakini wataalamu walisema mota yenye nguvu za kutosha ingekuwa kubwa mno, na betri yake kadhalika. Kettering alikumbuka mashine ya dukani. Mwanzoni mwa mwaka 1911 stata yake iliwasha Cadillac, na magari ya mwaka 1912 yakauzwa nayo.

Tena hakutengeneza stata peke yake. Mota ile ile, injini ikisha kuwaka, iligeuka kuwa dainamo na kuijaza betri. Betri iliwasha taa na kulisha koili. Kabla ya hapo magari mengi yalikuwa na taa za gesi zilizowashwa kwa kiberiti. Kila fungu la nyaya linalopita chini ya dashibodi, hata la taksi inayokuja Nakivale, ni mjukuu wa mtambo ule.

Baadaye Delco iliingia katika kampuni kubwa ya General Motors, na Kettering akawa mkuu wa utafiti wake tangu 1920 hata 1947. Mengine nitayapita upesi. Alishindwa vibaya mara moja: Chevrolet ya mwaka 1923, iliyopozwa kwa hewa na mapezi ya shaba badala ya maji, ilipata moto kupita kiasi, yakarudishwa yaliyouzwa. Alisaidia pia kuendeleza injini za dizeli za garimoshi.

Nilikuwa nimekwisha kuandika hayo yote kwa moyo mweupe niliposoma habari ya petroli. Nilitaka kuiacha. Mwalimu wetu wa Kiswahili hakunilazimisha kuitia, lakini nimeona si haki kuificha.

Injini za wakati ule ziligonga zikibebeshwa mzigo. Mwaka 1921 Thomas Midgley, msaidizi wa Kettering, aligundua kwamba dawa yenye madini ya risasi, ikitiwa kidogo tu ndani ya petroli, huzuia kugonga. Spiriti nayo iliweza, nao walilijua hilo. Lakini spiriti kila mtu aweza kuipika. Dawa ile ilihitajika kidogo sana, na faida yake ingebaki kwao. Wakaiita Ethyl, na neno risasi halikutajwa katika jina hilo. Mwaka 1924 ilianzishwa kampuni ya kuiuza, na rais wake wa kwanza alikuwa Kettering mwenyewe. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, wafanyakazi watano waliokuwa wakiitengeneza huko New Jersey walikufa baada ya kurukwa na akili. Daktari Alice Hamilton wa chuo cha Harvard, aliyejua sana sumu za viwandani, alionya waziwazi mwaka 1925. Hawakumsikiliza. Moshi wenye risasi ukaenea dunia nzima kwa miaka mingi, nao hudhuru hasa akili za watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, na ya mwisho duniani, Algeria, mwaka 2021.

Sisi tuliotoka Kongo tunalijua neno risasi kwa maana yake nyingine, ile iliyotukimbiza. Sikuwahi kufikiri kwamba iko na ya pili iliyokuwa ikitoka katika bomba la moshi bila kelele.

Je, alikuwa mtu mbaya? Mimi sioni hivyo, lakini sioni pia kwamba hakujua. Alikuwa mhandisi aliyezoea kwamba kila wataalamu wakisema haiwezekani, yeye hushinda. Nadhani hiyo ndiyo iliyomfanya asiwasikie madaktari. Mwaka 1945 yeye na Alfred Sloan walianzisha huko New York taasisi ya kutafuta dawa ya saratani, nayo iko mpaka leo. Alikufa Novemba 1958, na miaka 82, akiwa na hataza zaidi ya 180. Ndio mwaka ambao makazi yetu ya Nakivale yalianzishwa.

Likizo iliyofuata nyaya zilipatikana. Tulilaza fungu la zamani juu ya ubao mrefu, tukapigilia misumari kufuata umbo lake, kisha tukatandika nyaya mpya katikati ya misumari, mmoja mmoja, na kuzifunga kwa utepe. Nikamhadithia mzee habari za Kettering. Stata ilimpendeza sana. Nilipofika kwenye risasi alinyamaza. Yeye alianza kazi zamani, petroli ile ingalipo. Waliinyonya kwa mpira kutoka katika matangi, na kila jioni waliosha mikono kwayo. Alitazama viganja vyake kidogo, kisha akaniagiza nimpe waya wa kahawia.

Siku ya nne tuliunga betri. Injini iliwaka mara ya pili, bila hendeli. Taa ya nyuma ya kushoto ilikataa mpaka kesho yake, kwa kuwa nilisahau kuunga erthi yake.