Daktari aliyefumbua siri ya sakitu

Wakulima wa viazi wa Kinangop na wa chai wa Kericho wanaijua vizuri sakitu, ile barafu nyeupe inayotanda juu ya majani alfajiri baada ya usiku mkavu wenye baridi. Mnamo Januari 2012 iliunguza chai katika sehemu kadhaa za Kenya na mavuno yakashuka. Mtu aliyeonyesha kwa vipimo jinsi barafu hiyo inavyotokea hakuwa mkulima. Alikuwa daktari wa London, William Charles Wells.

Wells alizaliwa mwaka 1757 huko Charleston, Marekani, wakati ule ikiwa bado koloni la Uingereza. Baba yake, mchapishaji kutoka Scotland, alimvisha mavazi ya Kiskoti ili asisahau asili yake. Alisomea udaktari Edinburgh, akahitimu mwaka 1780, na baadaye akawa daktari wa hospitali ya St Thomas jijini London. Wagonjwa wa kumlipa vizuri hawakuwa wengi.

Kilichomsumbua akili ni umande. Wasomi wa siku hizo walibishana: wengine wakisema unashuka kutoka angani, wengine wakisema unapanda kutoka ardhini. Wells naye, mnamo mwaka 1784, alidhani kwamba umande ndio unaoleta baridi. Tena alikuwa akiwacheka watunza bustani waliofunika mimea yao kwa mikeka myembamba usiku. Mkeka mwepesi hivyo, aliwaza, utazuiaje hewa baridi?

Kuanzia mwaka 1811 alianza kwenda usiku kwenye bustani ya rafiki yake, nje kidogo ya jiji, akiwa na vipimajoto na mafungu madogo ya manyoya ya kondoo yaliyopimwa uzito. Fungu moja aliliweka juu ya ubao ulioinuliwa kwa vigingi, jingine akalifunga chini ya ubao huohuo. Asubuhi alipoyapima, la juu lilikuwa limenasa umande zaidi ya mara tatu ya lile la chini. Hewa ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa kwamba moja lilitazama anga na jingine lilizibwa.

Jaribio jingine lilitumia kitambaa cha mkononi. Alichomeka vijiti vinne kwenye majani na kutandaza juu yake kitambaa chembamba, sentimita 15 hivi kutoka kwenye majani. Usiku mmoja majani ya wazi yalikuwa na baridi kuliko hewa kwa nyuzi 6 za Selsiasi. Yale yaliyo chini ya kitambaa yaliizidi hewa kwa baridi kwa nyuzi 2 tu, au pungufu. Leso tu!

Sasa aliwaelewa watunza bustani. Jani hupoteza joto lake kwenda angani usiku kucha. Wingu, mti au mkeka hulirudishia sehemu ya joto hilo, lakini anga tupu halirudishi kitu cha maana. Kwa hiyo baridi ya jani hutangulia, umande hufuata. Jani likishuka chini ya nyuzi 0, mvuke ulio hewani hugeuka barafu moja kwa moja pale juu yake, bila kwanza kuwa maji. Punje za mwanzo hutokeza nje, zikawa za kwanza kukutana na mvuke mpya, ndiyo maana sakitu hukua kama sindano au manyoya. Metali iliyong'arishwa hutoa joto kidogo, na Wells aliona kwamba hainasi umande kwa urahisi kama kioo au majani.

Kazi hiyo ya usiku aliifanya huku afya yake ikizorota. Insha yake juu ya umande ilichapishwa mwaka 1814, na Royal Society ikamtunuku nishani ya Rumford. Alifariki Septemba 1817 akiwa na umri wa miaka 60.

Kwa mkulima wa nyanda za juu, vipimo vyake vina jambo la kuangaliwa. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinaweza kusoma nyuzi 3 au 4 huku viazi shambani vikiganda, kwa sababu kinapima hewa, si jani. Usiku wa kuogopwa ni ule wa nyota nyingi na upepo uliotulia.

Shamba zima la chai halifunikiki, gharama yake haina faida. Kitalu cha miche ni hesabu nyingine: vigingi, fito chache na magunia au nyasi kavu, vikiinuliwa visiguse majani, vitandazwe kabla jua halijazama na kuondolewa asubuhi likishachomoza.